Si Gari Wala Mashua: Kufufua Chombo cha Magurudumu Sita kwa Fedha Chache

Mabibi wengi watakubaliana nasi kwamba hakuna kitu kiwezacho kuleta manung'uniko ya chinichini nyumbani kama chuma kibovu kilichoegeshwa uani. Bwana hukiita mradi, bibi hukiita uchafu, na watoto hukifanya pahali pa kujifichia. Kila mwezi fedha kidogo humezwa humo, na hakuna ajuaye hesabu itafungwa lini.

Makala haya yanazungumzia chuma kibovu cha aina yake, ambacho huko Marekani na Kanada watu hukifufua kwa mikono yao na kukiingiza mashindanoni. Tutaeleza ni chombo gani, kimetoka wapi, hufanyaje kazi, na vipi mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kukiunda upya bila ya kuivunja akiba ya ahali yake wala kuhatarisha roho za watu. Atakayeifuata hesabu hii ataona kuwa inamfaa hata yule anayefufua mashine ya boti, cherehani ya kale au pikipiki iliyoachwa na babu.

CHOMBO CHENYEWE

Umbo lake ni kama beseni kubwa la plastiki lililoketishwa juu ya magurudumu sita manene, matatu kila upande. Hakina milango, kwani mlango ungekaribisha maji. Aghalabu hakina springi. Tairi zake laini ndizo zinazomeza mashimo na mawe ya njiani. Tairi ya gari la kawaida hujazwa upepo wa takriban pauni 30 kwa kila inchi ya mraba, ilhali hizi hujazwa pauni 2 au 3 tu. Kwa sababu hiyo hutanuka juu ya tope na theluji zisizame, kama mtu avaaye viatu vipana juu ya mchanga.

Chombo kikifika ukingoni mwa ziwa hakisimami. Huteremka majini, kikaelea kwa beseni lake, na magurudumu yakiendelea kuzunguka, meno ya tairi hupiga maji kama makafi madogo. Mwendo wake majini ni wa pole, hauzidi sana ule wa mtu atembeaye kwa miguu. Nchi kavu, hata hivyo, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mashindano chaweza kukimbia kwa kasi ya kutisha.

Namna ya kukigeuza ni ajabu nyingine. Nyingi katika aina hizi hazina usukani wa duara. Dereva hushika mikono miwili ya chuma, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Akivuta wa kushoto, magurudumu ya kushoto hukatiwa nguvu na kushikwa na breki, huku ya kulia yakiendelea kusukuma. Chombo kikageuka kushoto. Ni sawa na mpiga makasia aliyelisimamisha kasia la upande mmoja na kuvuta la pili. Nguvu ya injini hupita katika mkanda, ikaingia kwenye sanduku la gia, kisha ikagawiwa kwa minyororo inayofanana na ya pikipiki mpaka ikazifikia ekseli zote tatu za kila upande.

ASILI YAKE NA ANGUKO LAKE

Vyombo hivi vilizaliwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika nchi ya maziwa mengi, vinamasi na theluji, ambako mwindaji na mvuvi huhitaji kuvuka maji na nchi kavu katika safari moja. Cha mwanzo kupata jina kiliitwa Jiger. Baadaye wakaja wengine: Amphicat, ambacho watoto wa Marekani walikiona katika runinga mwaka 1968 kwenye kipindi cha The Banana Splits; Argo, kilichoanza kuundwa mwaka 1967 na kampuni ya Ontario Drive & Gear katika mji wa New Hamburg; Max, kilichotoka Buffalo katika jimbo la New York; na Attex cha Marekani, kilichojijengea sifa kubwa mashindanoni.

Mashindano yalishika moto mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Viwanja vyake vilikuwa mashamba yenye vilima, matope na vidimbwi. Dereva alitakiwa apande, ateremke, aogeleshe chombo, kisha atoke upande wa pili akiwa bado na injini inayonguruma. Mabwana wa viwanda waliyapenda mashindano hayo, kwani ushindi wa Jumapili huuza bidhaa Jumatatu.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza Marekani chombo chepesi cha magurudumu matatu, kilichokuwa rahisi kuendesha na rahisi kubeba. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda duniani, na watu wakafunga mikono yao juu ya vitu vya starehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki ikaleta chombo cha magurudumu manne, na soko likageukia huko. Viwanda vingi vya magurudumu sita vilifungwa. Argo ni miongoni mwa vichache vilivyodumu mpaka zama zetu.

Vyombo vilivyokwisha kuuzwa viliachwa katika maghala ya mashambani na nyuma ya nyumba, vikaota majani. Hapo ndipo mlango wa mtu mwenye fedha chache ulipofunguka. Kitu ambacho mwenyewe amekichoka huuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na mwenye jicho la fundi hukiona kingali na uhai. Wapenzi wa vyombo hivi wangali wakikutana katika majimbo ya Marekani, wakishindana kwa mashine zilizowapita umri.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Hasara ya mradi kama huu haianzi kwenye kutengeneza, bali kwenye kununua. Mnunuzi mgeni huvutwa na injini inayowaka. Husikia mngurumo, akatoa fedha. Fundi mzoefu hufanya kinyume: injini huiangalia mwisho, kwani injini yaweza kubadilishwa kwa nyingine ya aina yoyote itakayoenea. Visivyobadilishika kwa urahisi ni viwili: beseni na sanduku la gia.

Beseni likaguliwe kwa mkono na kwa jicho. Mengi ya zamani ni ya plastiki ngumu iitwayo ABS, ambayo hukauka na kuwa kama kigae ikipigwa na jua miaka mingi. Bonyeza kingo zake. Zikilia na kupasuka, jua kwamba kiraka kimoja kitazaa kingine. Tazama zaidi pale ekseli zinapopenya, kwani hapo ndipo penye mikiki.

Sanduku la gia nalo lijaribiwe chombo kikiwa kimeinuliwa juu ya magogo. Zungusha magurudumu kwa mkono, vuta mkono wa kushoto kisha wa kulia, na usikilize. Fungua kizibo cha mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Ni heri chombo chenye sanduku linalofahamika na wengi, kwani vipuri vyake hupatikana. Kwa mfano, sanduku la T-20 la Borg-Warner lilitumiwa na makampuni zaidi ya moja, na kwa hivyo chombo kilichokufa cha jina hili chaweza kumpa uhai cha jina lile.

Wengi wenye hekima hununua viwili vibovu vya namna moja badala ya kimoja kizuri. Kimoja hutoa mwili, kimoja hutoa viungo, na kinachosalia huuzwa vipande vipande kurudisha sehemu ya gharama.

MAFUNGU KUMI

Sasa tuje kwenye hesabu ya nyumba. Kabla ya kununua hata msumari, mke na mume wakae wakubaliane kiasi kisichozidi, kisichogusa ada za shule, kodi, chakula wala dawa. Kiasi hicho kigawanywe mafungu kumi. Matatu yawe ya kununulia chombo. Mawili yawe ya minyororo, beringi na sili za mafuta. Mawili ya injini. Moja la tairi na viraka vyake. Moja la vifaa vya usalama. La kumi liwekwe kando lisiguswe, kwani katika kila chuma cha zamani limo jambo ambalo halijaonekana bado.

Jambo la pili ni daftari. Kila kinachonunuliwa kiandikwe siku hiyohiyo, hata kama ni grisi ya kopo dogo. Daftari lisifichwe kwenye sanduku la spana. Liwe mahali ambapo mke na mume wote wawili hulifikia. Israfu hupenda giza. Kinachoharibu nyumba nyingi si ukubwa wa gharama, bali ni gharama isiyojulikana, ambayo hugunduliwa siku ya haja ndipo maneno yakatoka yasiyorudi. Fungu likiisha, kazi isimame mpaka mwezi mwingine. Chombo kilichongoja miaka 40 hakitashindwa kungoja siku 30.

KAZI KWA UTARATIBU WAKE

Kazi huanza kwenye beseni likiwa tupu. Lisafishwe, likaushwe, na nyufa zionekane. Ufa wa plastiki ya ABS huzibwa kwa uji mzito unaotengenezwa kwa vipande vya plastiki hiyohiyo vilivyoyeyushwa katika asetoni. Mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo kwanza ili usiendelee kukimbia. Beseni la faibagilasi hutiwa kitambaa chake na gundi yake, kama mafundi wa boti wafanyavyo. Lakini mabeseni ya polietilini hayashikani na gundi hizo. Hayo huunganishwa kwa moto wa kuyeyushia plastiki. Asiyetambua aina ya plastiki aliyo nayo atapoteza fedha na wakati.

Baada ya beseni hufuata ekseli. Hapa pana tofauti kubwa baina ya chombo hiki na mashua: mashua ya matanga haina matundu chini ya maji, ilhali chombo hiki kina matundu sita, moja kwa kila gurudumu. Kila tundu hulindwa na beringi na sili. Beringi zilizolala miaka mingi zibadilishwe zote, hata zile zinazoonekana nzima, na kila moja ipakwe grisi mpaka ifurike. Gharama yake si kubwa ikilinganishwa na kulifungua tena beseni zima kwa ajili ya moja iliyosalitika.

Kisha minyororo. Katika mashindano, kila kona ni mvutano baina ya magurudumu yanayosukuma na yaliyoshikwa, na mzigo wote huo huangukia minyororo. Mnyororo uliolegea huruka meno. Uliokazwa kupita kiasi hula beringi. Kwa hivyo fedha ya minyororo isipunguzwe ili kununulia rangi. Na atakaye mwendo zaidi ajue kwamba hauji bure. Akibadilisha sproketi ya mbele yenye meno 10 akaweka yenye meno 12, atapata kasi zaidi kwa sehemu 20 katika 100, lakini nguvu ya kupanda kilima itapungua. Uwanja wa matope hupendelea nguvu kuliko kasi.

Injini huja baada ya hayo. Nyingi za zamani, kama vile JLO na Sachs za Ujerumani, ni za kuchanganya oili na petroli, mfano wa mashine za boti wazijuazo wavuvi wetu. Adui wake mkubwa ni sili za shafti zilizokauka. Zikikauka huingiza hewa, mchanganyiko wa mafuta ukawa hafifu, joto likapanda na pistoni ikaungua. Ndiyo maana injini iliyolala miaka mingi isiwashwe kwa pupa. Ifunguliwe kwanza, sili na gasketi zibadilishwe, kabureta ioshwe. Mkanda wa nguvu nao ufunikwe vizuri, kwani ukilowa huteleza, na chombo hubaki kikinguruma mahali pamoja huku wengine wakipita.

Tairi ni za mwisho. Iliyochakaa kidogo lakini isiyovuja ni bora kuliko mpya iliyonunuliwa kwa mkopo. Wengine huzijaza tairi za katikati upepo zaidi kidogo kuliko za mbele na nyuma, ili chombo kigeuke kwa wepesi juu yake. Ni hila ndogo isiyogharimu chochote ila pumzi ya pampu.

HESABU YA KUELEA

Kabla ya kuingia majini, mtu achukue karatasi. Kila lita moja ya maji inayosukumwa na beseni hubeba kilo moja. Tuseme chombo kina kilo 250, na watu wawili wana kilo 150. Jumla ni kilo 400. Basi beseni lazima lisukume lita 400. Ikiwa chini ya beseni ni mita 2 kwa urefu na mita 1 kwa upana, litazama kiasi cha sentimita 20, na tairi zitalipunguzia mzigo kidogo. Kinachobaki juu ya maji ndicho usalama wako.

Sasa tia maji yanayovuja. Ndoo moja ya lita 20 ikiingia ndani, beseni lile huteremka sentimita 1 zaidi. Ndoo tano ni sentimita 5. Tena maji hayatulii mahali pamoja. Chombo kikiinama, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta chini zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na katika chombo cha majini kibaba hicho ndicho kinachozamisha.

Kwa ajili hiyo jaribio la kwanza lifanywe katika maji yasiyopita kiunoni, chombo kikiwa kimefungwa kamba iliyoshikwa na mtu aliye nchi kavu, bila ya abiria. Kizibo cha kutolea maji kihakikiwe. Kiachwe kikae nusu saa, kisha kitazamwe ndani kwa tochi. Vipande vya sponji ngumu isiyonywa maji vikijazwa pembeni na chini ya viti, chombo hakitakwenda chini hata kikijaa. Mpaka hapo ndipo mtu apande, naye awe amevaa jaketi la kuelea, hata kama ni mwogeleaji hodari.

ROHO NI GHALI KULIKO CHUMA

Tunawasihi wazazi wayasome haya kwa makini. Vyombo vya njia za porini vimejeruhi na kuua watu wengi, wakiwamo watoto. Idadi ya majeruhi ilipozidi huko Marekani, makampuni makubwa yalikubaliana na serikali mwaka 1988 kusitisha uuzaji wa vyombo vipya vya magurudumu matatu, na kuwaonya wazazi kwamba mtoto asiyefika miaka 16 asiendeshe vile vya watu wazima. Magurudumu sita hayapinduki upesi kama matatu, lakini kilima na mwendo havijali idadi ya magurudumu.

Yafuatayo basi si mapambo, bali ni sharti. Helmeti kwa kila aliyemo. Fremu ya mabomba ya kukinga vichwa iwapo chombo kitapinduka, pamoja na mikanda ya kumshika mtu ndani yake nchi kavu, ifunguliwe kabla ya kuingia majini. Swichi yenye kamba iliyofungwa kwa dereva, ili akirushwa nje injini ijizime. Vifuniko juu ya minyororo na mkanda, kwani mnyororo unaozunguka hauchagui baina ya tope na kidole. Nguo zinazoning'inia, mitandio na mikono mipana zifungwe imara au zisikaribie kabisa mitambo inayozunguka. Hili linawahusu zaidi mabanati zetu wapendao kusaidia. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Tangi la petroli litolewe nje kabla ya kuchomelea chuma chochote, na asetoni isitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa wala karibu na jiko. Fungu la usalama lisikopwe na fungu jingine hata siku moja.

FAIDA ISIYOPIMWA KWA FEDHA

Mtu aweza kuuliza: taabu yote hii ya nini, ikiwa mwisho wake ni kuzunguka matopeni? Jawabu tumelipata katika namna kazi yenyewe inavyofanywa. Chuma cha zamani hakikubali kuharakishwa. Kijana anayekaa na babake jioni akisafisha beringi hujifunza kwamba kitu kilichovunjika si lazima kitupwe. Binti anayeandika daftari la gharama hujifunza hesabu iliyo hai, na aghalabu yeye ndiye wa kwanza kuona kuwa fungu la injini limekaribia mwisho. Mama aliyeshirikishwa tangu mwanzo hakiiti tena uchafu, kwa kuwa anajua kimegharimu nini na kitakwisha lini.

Mashindanoni kwenyewe mara nyingi hashindi aliyenunua injini kubwa kuliko wote. Katika uwanja wa matope na maji wengi huishia njiani, mmoja mnyororo umekatika, mmoja maji yamemwingia, mmoja mkanda umelowa. Mwenye chombo cha fedha chache ambaye alibadilisha beringi zote sita, akakaza minyororo yake na kupima beseni lake kwa tochi, huwapita wakiwa wamesimama, akavuka kidimbwi kwa mwendo wa mtu atembeaye, akatoka ng'ambo ya pili.